Bomba na Wanawe

Neno "wanawe" halina suruali wala gauni. Nimeshona nguo za watu tangu nikiwa msichana, vazi la kiume nalijua na la kike nalijua, na ninawaambia neno hilo halijavaa kitu. Wana ni wana. Lakini kaka yake wifi yangu, mtu mzima na mvi zake, alisimama uani kwetu akalivalisha suruali huku namtazama. Mpaka leo nikikumbuka, nasimamisha cherehani kwanza nitulie, maana naweza kushona kidole changu.

Wifi yangu ni fundi bomba. Jina lake halisi linajulikana na cheti cha ndoa. Sisi wengine tunamwita Koki. Alipewa jina hilo utotoni kwa sababu mifuko ya gauni lake ilijaa koki mbovu alizookota kwenye kazi za baba yake, naye alikuwa akizifungua na kuzifunga njia nzima. Baba yake ndiye Mzee Bomba, aliyevuta maji katika nyumba nyingi za mji huu. Ukifungua maji ukanawa uso asubuhi, huenda ni yeye aliyekuletea.

Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja yuko ndani, amelala chali chini ya sinki na spana mkononi. Mwingine yuko nje kwenye koki kubwa, hamwoni mwenzake, anamsikia tu. Wa ndani akisema "Funga," wa nje anafunga. Akisema "Fungua," anafungua. Wa nje akizubaa, wa ndani anaoga na nguo zake. Mzee Bomba alianza kazi na wanawe wa kiume. Mkubwa alikuwa akiacha koki anakwenda kupiga soga na wapita njia. Wa pili hakutaka matope kwenye viatu. Mzee alipochoka kuogeshwa bila kutaka, akamchukua Koki, na tangu siku hiyo hakulowa tena.

Baadaye alipata pikapu, ikiwa tayari imetumika sana. Akaipaka rangi ya bluu, na mlangoni akaandika mwenyewe kwa brashi, herufi nyeupe zilizosimama wima: BOMBA NA WANAWE, MAFUNDI WA MAJI. Kila zilipochakaa alizirudia juu ya zile zile, zikawa nene, mtu angeweza kuzisoma kwa kidole huku amefumba macho. Wanawe wenyewe wakati huo mmoja alikuwa ofisini na mwingine dukani. Ndani ya pikapu alikuwemo Koki. Ndiye aliyeendesha, ndiye aliyebeba mabomba begani, na Mzee alipoanza kuumwa magoti, Koki ndiye aliyelala chini ya masinki na baba yake akasimama kwenye koki.

Na bado wateja walikuwa wakifungua geti, wanamtazama Koki, halafu wanachungulia nyuma yake. "Fundi yuko wapi?" Ndilo swali alilokula na kulishiba maisha yake yote. Mzee naye alikuwa akitoka upande wa pili wa pikapu, anajifuta mikono na kusema, "Tumeshafika." Kwamba fundi ndiye huyu, hakuwahi kusema.

Mimi nilimfahamu alipoolewa na kaka yangu. Watu wanasema mawifi ni paka na panya, nasi hatukutaka kuwaangusha. Siku anaingia kwetu kama bibi harusi, sinki la jikoni lilikuwa limeziba na wageni wamejaa. Koki alikunja gauni nililomshonea kwa wiki nzima, akapiga magoti, akazibua. Lile gauni sijamsamehe. Lakini sinki halijaziba tena, na mchana ule ule nilijua kwamba kaka yangu, mpishi wa shule ya bweni, mtu ambaye ukimkanyaga mguu anakuomba radhi kwa kuuacha njiani, amepata mtu wa kumshika mkono.

Mzee Bomba alipooza asubuhi moja akivaa viatu vya kazi. Upande wa kulia ukalala wote, na maneno yakamtoka. Kilichobaki ni "aa" na "ee". Daktari alisema yanaweza kurudi, moja moja, msiyavute. Wanawe wa kiume wakaitwa. Mkubwa akasema nyumba yake ina ngazi nyingi. Wa pili akasema mkewe hawezi harufu ya dawa. Koki alitandika godoro nyuma ya pikapu, akamleta baba yake kwetu polepole, akamweka katika chumba cha uani kinachopakana na changu cha kushonea. Kwa hiyo Mzee akawa mwenzangu wa mchana. Nilishona, yeye akakaa kitini mlangoni akiitazama pikapu kila iliporudi, na kila nilichomuuliza alijibu "ee".

Habari ya rangi ilianzia kwenye geti la watu. Koki aliitwa kwenye jengo moja la maofisi, bomba limepasuka, maji yanashuka ngazi. Mlinzi akamzuia. Alidhani pikapu imekuja kuchukua takataka. Na kusema kweli ilikuwa imechakaa: kutu imekula kingo za milango, bluu imebabuka, boneti lina mabaka. Koki alibishana na mlinzi mpaka maji yakatoka nje yenyewe kumpokea. Alirudi nyumbani hajavua hata viatu, akaniambia, "Wifi, naipaka rangi."

"Ipeleke kwa mafundi wa magari."

"Waikalie miezi mitatu wakiniambia bado kidogo? Naipaka hapa hapa uani."

"Umewahi kupaka gari rangi?"

"Nimepaka mabomba."

"Bomba halina boneti, wifi."

"Chuma ni chuma," akasema, na mabishano yakaishia hapo, maana Koki akishasema hivyo unaweza kwenda kulala.

Jumapili iliyofuata tulianza kuikwangua. Tulikuwa tumevaa nguo kuukuu, vumbi la kutu mpaka kwenye kope, ndipo kaka yake mkubwa akaingia. Tangu Mzee augue alikuwa amefika kwetu mara moja, kwa haraka, akiwa ameacha gari lake linanguruma. Safari hii alilizima. Nikajua kuna jambo.

"Mnafanya nini?"

"Tunaipaka rangi, kaka," Koki akasema.

"Vizuri sana. Itapendeza." Akaizunguka pikapu mikono nyuma. "Nimepata mtu anayeitaka. Ana kampuni yake ya mabomba. Anaitaka pamoja na jina, kwa sababu jina la Baba linajulikana. Jumamosi nakuja naye."

Koki akaacha kukwangua. "Mimi nitafanyia kazi nini?"

"Mimi na mdogo wetu tumekubaliana."

"Na mimi je?"

"Wewe umeolewa." Akagonga mlango wa pikapu kwa kidole, tena juu ya herufi. "Soma mwenyewe. Bomba na Wanawe. Wanawe ni sisi."

"Mimi ni nani?"

"Wewe ni Koki," akasema na kucheka kidogo. "Usikunje uso, mdogo wangu. Nimeshakuombea kwa huyo bwana. Mtu wa kumshikia koki atamhitaji tu."

Mori ulinipanda kutoka kwenye nyayo. Koki alikuwa ameganda na kipande cha msasa mkononi. Kaka mtu akamwendea Mzee kitini, akamwinamia, akapaza sauti kama anayezungumza na kiziwi. "Baba, ulisema mwenyewe kazi hii ni ya wanao. Tutaishughulikia. Si ndiyo, Baba?"

"Ee," Mzee akajibu.

"Mmesikia," akatugeukia. "Amekubali."

"Shemeji," nikasema, "Mzee huyu anajibu 'ee' hata ukimuuliza kama yeye ni kuku. Kaa naye siku moja utajua."

"Shemeji, haya ni mambo ya ukoo wetu."

"Ukoo wenu unalala kwetu. Ukoo wenu namwosha miguu mimi."

Nilimtolea uvivu, sikubakiza. Yeye alikuwa ametia pamba masikioni. Alisema Jumamosi, akawasha gari lake, akaenda. Mzee alibaki anatazama geti, mdomo umepinda upande, na mtu asingeweza kujua anawaza nini. Hicho ndicho kilichomuuma Koki kuliko yote. Tabia ya kaka yake aliijua siku zote. Ila lile "ee" la baba yake hakujua aliweke wapi. Mwenye pikapu alikuwa hai, amekaa pale, na neno lake moja lingemaliza ubishi. Neno hilo hakuwa nalo. Na hata angekuwa nalo, Koki hakuwa na hakika lingekuwa lipi.

Alichukua msasa akaanza na neno WANAWE. Sijaona mtu akisugua vile. Herufi zilikuwa nene, rangi juu ya rangi, akazisugua mpaka vidole vikachubuka, akahamia BOMBA, akahamia MAFUNDI, akarudi tena kwenye WANAWE pasipokuwa na kitu, anasugua chuma kitupu. Mahali pale mpaka leo pana kibonde kidogo, ukipitisha kiganja unakisikia.

"Wifi, limeshatoka," nikamwambia.

"Halijatoka," akasema.

Rangi tuliyonunua ilikuwa kosa letu la kwanza, na kosa lenyewe ni la Koki, acha niliseme. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alimuuliza, "Rangi ya kupaka nini?" Koki aliona haya kusema gari, akijua watu watacheka: mwanamke, gari, brashi. Akasema, "Chuma." Kwa hiyo akapewa rangi ya mageti. Kosa la pili ni langu. Niliona wenzetu gereji wanafunika vioo na taa kwa magazeti na gundi, nikaona ni uchafu. Mimi ni fundi nguo. Nikapima vioo vyote, taa zote na magurudumu, nikakata kitambaa cha flana, nikavishonea vifuniko vyenye mpira pembeni, kila kimoja na saizi yake. Pikapu ilipendeza kama mtoto anayepelekwa kliniki. Kaka yangu alivisifu, na angesifu hata ningeivalisha kofia.

Tukapaka kijani, juani, saa ambayo upepo hucheza na kamba za nguo. Flana yangu ilikuwa mpya na haijafuliwa. Inatoa nyuzi, tena nyingi, na zote zilikwenda kwenye rangi mbichi zikalala humo. Boneti likaota manyoya. Koki akasema tufunike aibu kwa mkono wa pili wa rangi, na hatukungoja wa kwanza ukauke. Kufikia jioni rangi ilikuwa imejikunja pote kama utando wa maziwa, na milangoni imechuruzika mpaka chini.

Alinigeukia. "Wewe na flana zako."

"Wewe na chuma chako."

"Nani alikutuma kushona? Tunapaka rangi hapa, hatuvalishi maharusi."

"Nani alikutuma kusema chuma? Mdomo ungekatika ukisema gari?"

Tulipeana vidonge vyetu sawasawa. Nilimkumbusha gauni la harusi. Akanikumbusha kwamba hajawahi kunidai chochote kwa kuzibua choo changu. Kaka yangu alitoka jikoni na mwiko, akatutazama, akarudi alikotoka. Mzee kwenye kiti chake alikuwa anatikisika mabega. Kwa mara ya kwanza tangu aje alikuwa anacheka. Koki akamwona, akatupa brashi chini, akaingia ndani.

Tulikwangua yote. Sisemi zaidi juu ya kazi hiyo, ila kucha zangu zilichukua muda mrefu kuwa za mwanamke tena. Koki akarudi dukani na safari hii akasema gari. Mwenye duka alicheka kweli, lakini akampa rangi yenyewe, puti ya kuziba mashimo ya kutu, rangi ya kijivu ya kutangulia, na tina ya kuyeyushia. "Kwa nini hukusema tangu mwanzo?" akamuuliza. Akamweleza apake kivulini, nyembamba, angoje ikauke ndipo arudie, na amwage maji chini vumbi lisipande. Tukatundika turubai. Vioo nikavifunika kwa magazeti na gundi, kimya, kama watu wengine.

Kufikia Alhamisi ilikuwa imekauka. Kwa mbali ilikuwa pikapu mpya. Ukisogea karibu uliona njia za brashi. Lakini ilikuwa kijani kimoja kilichokolea, haina kutu, haina mabaka, na mlangoni haina neno. Hata mimi uwazi ule ulinishtua kidogo.

Wakati wa kazi yote hiyo turubai lilikuwa limemkinga Mzee asione. Tulipoliondoa nilimsogeza kiti, nikidhani atafurahi. Alitazama boneti. Alitazama magurudumu. Macho yakafika mlangoni yakasimama, na uso wake ukabadilika. Akaanza kupiga mkono wa kiti kwa mkono wake mzima, anapiga na kupiga, "aa, aa, aa," mate yanamtoka. Kikombe cha chai nilichokuwa nimemshikia akakipiga kikaruka.

"Baba anataka nini?" Koki akaniuliza, kana kwamba mwenyewe hayupo.

"Jina lake. Umemfuta."

Koki akamgeukia. Sauti yake ilikuwa chini, na nilitamani apige kelele.

"Unakasirika? Wewe? Baba, mimi ndiye wa kukasirika hapa. Watu walikuwa wananichungulia nyuma yangu wakimtafuta fundi, na wewe unanyamaza. Wakati huo ulikuwa na mdomo wako wote. Siku moja tu ungesema fundi ndiye huyu. Ungekufa? Ukaandika wanawe. Sasa kila mtu analichukua neno lako anakwenda nalo anakotaka, kaka anasema ni lake, na wewe ukiulizwa unasema 'ee'. Ungeandika Koki. Ni herufi nne. Rangi ingetosha."

Akaenda bombani kunawa. Alinawa mikono ambayo haikuwa michafu, ametupa mgongo.

Mzee alikuwa ameacha kupiga kiti. Machozi yanamshuka upande mmoja wa uso, ule mzima. Nilichukua kitambaa nimfute, akanisukuma mkono. Alikuwa ananyoosha kidole kwenye kopo la brashi. Nilifikiri anataka kulitupa, nikamwambia hapana, tumefagia leo. Akanyoosha tena. Nikampa brashi moja. Akanionyesha mlango.

Kulikuwa na kikopo cha rangi nyeupe tulichonunua kwa ajili ya rimu za magurudumu. Nikakifungua, nikamkokota na kiti chake mpaka kwenye mlango wa pikapu. Mzee huyu maisha yake yote aliandika kwa mkono wa kulia, na wa kulia ulikuwa umelala mapajani. Alichovya kwa wa kushoto. Brashi ikagusa mlango wetu mpya ikaacha doa, nikauma ulimi nisimkataze. Akavuta mstari. Ukapinda. Akaongeza miguu miwili, ikawa K, iliyolala kama mlevi. Nikamsogeza kidogo. O ilikuwa yai. Nikamsogeza tena. Alikuwa anahema kama mtu anayepanda ngazi za mwanawe. Alipomaliza ile I ya mwisho, brashi ilimwangukia kwenye suruali.

KOKI. Herufi nne, hakuna mbili zilizolingana kimo.

Koki alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono inadondosha maji. Sijui alikuwa amefika lini. Hakulia, mtu asije akawadanganya. Aliinama akaokota brashi kwenye paja la baba yake, akaichovya, na chini ya jina lake akaandika kwa mwandiko wake wa kubana, uliofanana na ule wa zamani wa Mzee: NA BABAYE.

"Wifi," nikasema, "wateja watauliza."

"Waulize."

Alimwaga tina kwenye kitambaa, akamfuta baba yake rangi vidoleni, kimoja kimoja, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Usidhani yameisha," akamwambia. "Yamepungua."

"Ee," Mzee akasema.

Jumamosi wakaja. Kaka mkubwa alikuwa amevaa vizuri, na yule bwana wa kampuni alikuwa mtu wa adabu, amesimama nyuma kidogo na kofia mkononi. Koki alifungua geti nusu, akabaki amelishika. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu na pini mdomoni, Mzee kwenye kiti chake, na pikapu kati yetu ikiwa imewageuzia ule mlango.

Kaka mtu alisoma maandishi ya mlangoni, midomo ikitikisika. "Ni nini hiki? Babaye ndiye nani?"

"Yule pale," Koki akasema.

"Uliniambia jina ni Bomba," yule bwana akasema taratibu.

"Herufi zinafutika, usijali. Zitaandikwa upya." Kaka mtu akanyoosha kiganja kwa Koki. "Lete ufunguo."

"Mwenye gari yuko hai, kaka. Muombe yeye."

"Nilishamuomba, akakubali mbele yenu." Alikuwa ameshaingiza mguu mmoja ndani ya geti. Akapaza sauti ile ile ya kumsemesha kiziwi. "Baba. Tulikubaliana, si ndiyo? Tunaichukua leo. Wanao ndio tunaoichukua. Si ndiyo, Baba?"

Nilitaka kusema kitu na pini zikanizuia. Koki hakumtazama kaka yake. Alikuwa anamtazama baba yake, na nilimwona anavyosubiri lile "ee", amejikaza, kama mtu anayejua atapigwa na upande gani. Mzee akafumbua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akaufumba, akaufumbua tena, shingo imekakamaa, mkono wa kushoto umeshika kiti.

"Fu," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza.

"Fu," akasema tena, na kijasho kikamtoka kwenye paji.

Kaka mkubwa akatabasamu. "Anasema fungua. Umesikia, Koki? Baba anasema fungua geti."

Koki hakutikisika. Kwa miaka mingi alikuwa amesimama nje akisikiliza sauti hiyo kutoka ndani bila kumwona mwenyewe, na alijua kungoja mpaka neno liishe.

"Funga," Mzee Bomba akasema.

Mkono wa Koki ulikuwa tayari kwenye geti. Kaka mtu alirudisha mguu wake nje haraka, na Koki akafunga.